Nimekwenda kwa Wenzangu Waliouguza

Wanangu,

Wali uko jikoni, pasheni moto. Mlango wa nyuma fungeni.

Asubuhi mlinicheka nilipopeleka supu chumbani kwa marehemu bibi yenu. Baba yenu akaniambia, "Dada, si upumzike sasa!" Kupumzika kwenyewe nimeshasahau. Nikikaa nasimama, nikisimama namtafuta wa kumgeuza ubavu.

Yule muuguzi aliyekuwa akija kumdunga sindano amenialika kwenye kikundi cha watu waliouguza wakafiwa. Nilikuwa nakataa, nikidhani ni kwenda kulia tu. Leo naenda. Nikilia, nalia na wanaojua.

~~Kitanda chake msikiguse.~~

Kitanda chake tutakitoa kesho. Upande wa kichwani nitashika mimi.

Shangazi yenu