Kisima Kilicholiwa

Jumatano usiku

Kuanzia kesho pampu ya maji ya mtaa wetu hapa Kasulo itawashwa asubuhi tu, kwa sababu mazutu, yaani dizeli, ya jenereta yanakwisha na malori ya mafuta hayafiki. Amesema hivyo Mama Kapinga, anayeisimamia. Nyumbani kwangu kuna madumu mawili ya maji.

Niliuliza kwenye mkutano wa mtaa kwa nini tusirudie kisima cha zamani, cha kamba na ndoo, kisichohitaji mazutu. Wakacheka. Wachimbaji walikiteremsha kisima hicho mpaka kwenye madini ya kobalti, wakayachimba na kuyauza, kisima kikabomoka.

"Banaume ba huku balikula kisima," alisema Mama Kapinga, "sasa banalilia maji!"

"Mama, na we ulikula," akajibu Ilunga, mchimbaji. "Mabati ya nyumba yako ilitoka wapi?"

Mama alicheka kuliko sote.

Mhariri wa gazeti ninaloliandikia amenikera. Anataka bei ya petroli tu. Kisima kwake ni habari ndogo. Nimechoka kubishana naye. Malori yakikoma kabisa, watu hapa watakunywa maji ya mto unaopita migodini, na watoto...

Ilunga na wenzake wamekubali kuchimba kisima kipya nyuma ya kanisa. Kuchimba wanajua. Mama Kapinga akamuuliza, "Na mukikuta kobalti?" Ilunga akatazama chini.

Wanaanza Jumamosi asubuhi. Mama Kapinga amesema ataleta kiti chake akae kwenye mdomo wa shimo mpaka maji yaonekane.