Nimeenda Shafa Kutembea

Jumamosi, 4 Aprili

Nimemaliza vyombo, nimefunga gesi, nimekaa kitandani. Simu inashika sauti. Kuandika siwezi, kusema naweza. Wakesho, mtoto wa ndugu yangu aliye Jeddah, ndiye alinielekeza kwa simu pa kubonyeza. Akasema shangazi, ongea tu, hakuna mtu atasikiza. Vizuri. Kuna mambo sitaki yasikizwe.

Madam ameniita leo. Nyanya wa hii nyumba, yule nilikuwa namwogesha na kumlisha, Mungu alimchukua kabla ya Ramadhani. Watoto niliowalea wameota ndevu. Kazi imeisha, narudi Taita, na ndege ni ya kutoka Jeddah. Watanipeleka kwa gari kutoka hapa Riyadh, kwa sababu wana harusi huko. Akaniuliza nataka zawadi gani. Najua kichwani alikuwa na bangili.

Nikasema nataka kutembea Shafa. Ule mji mdogo wa milimani, juu ya Taif, wa mawaridi. Njia ni hiyo hiyo.

Akacheka. Akasema, Mama Mghoi, si umefika Shafa na sisi mara nyingi?

Nimefika. Nimeshika mtoto, nimeshika chupa ya kahawa, nimeshika mkeka, macho kwa mtoto asianguke bondeni. Ukiniuliza Shafa ikoje nitakwambia ni migongo ya watu. Nikamwambia nataka siku moja tu nitembee bila kushika kitu. Halas, basi.

Amesema atafikiria.

Jumatatu, 6 Aprili

Amekubali. Mzee wake pia, Baba Fahd. Tutalala Taif, Ijumaa baada ya sala tupande Shafa, usiku tushuke Jeddah.

Nimeenda sokoni Manfuha kununua viatu laini. Onyango alinipeleka, dereva wa nyumba ya jirani, kijana wa Siaya, mdomo mrefu. Akasema, shosho, sasa wewe ni mtalii? Utavaa kaptula? Nikamwambia nitavaa, na wewe utanibebea begi. Akalibeba.

Watalii nawajua. Zamani nilikuwa nauza ndizi barabarani pale Voi, nikiwaona wazungu wakienda Tsavo kwa gari lililo wazi juu. Wamekaa tu. Nilikuwa najiuliza hawa wanafanya kazi gani. Kumbe kazi yao ni kuangalia. Niliwaonea wivu, na si kwa pesa. Kwa ule mkao.

Viatu vinabana kidogo. Vitalegea.

Jumatano, 8 Aprili

Nimekasirika mpaka chai nimetia chumvi.

Nura anakuja na sisi, mdogo wake madam. Watoto wawili na wa tatu ananyonya. Msichana wake wa kazi ameenda likizo. Madam amenieleza akiwa ameangalia ndani ya friji. Ati watoto wananipenda.

Wananipenda, ndiyo. Nami nawapenda. Lakini nikimshika huyo mdogo, siku imeisha. Hakuna kitu kama kumshika kidogo. Mtoto ukishampokea ni wako mpaka alale, na akilala usitikisike.

Nikasema, madam, tulikubaliana. Akasema inshallah. Nimekaa nchi hii, aina zote za inshallah nazijua. Hii ilikuwa ile ya hapana.

Naogopa. Nikikataa vibaya watanipitisha moja kwa moja mpaka Jeddah na uso umenuna. Nikikubali, nitarudi kwetu mzee hivi na sijaona mahali hata pamoja. Nimeona jikoni. Jikoni hata kwetu Mwatate ziko.

Alhamisi, 9 Aprili

Taif. Tumefika na jua. Nilikaa nyuma kabisa na mabegi, mtoto mapajani kutoka Riyadh. Ndani ya gari sikukataa. Gari si Shafa.

Jangwa. Ngamia. Jangwa. Magoti yangu si yangu.

Sijajua nitasema nini kesho.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimeshinda. Wacha nianze mwanzo.

Tulipanda, masikio yakaziba. Baridi ya Wundanyi kabisa, na ukungu, hawa watu wakifungua madirisha wakipiga picha ukungu. Kwetu ukungu ni wa kukohoa. Gari likasimama. Nikashuka.

Nura akaninyoshea mtoto. Hivi, bila kuniangalia, vile mtu ananyosha koti. Na mikono yangu ikaanza kwenda yenyewe. Mimi bado nafikiria, yenyewe imeshafika nusu ya njia. Nikaikamata. Nikairudisha nyuma ya mgongo, nikashika mmoja kwa mwingine.

Mtoto akabaki hewani. Anarusha miguu, anacheka.

Nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, leo mafi, hakuna. Leo nimekuja kuona.

Nura akasema, na huyu atashikwa na nani?

Nikasema, ana mama.

Baba Fahd akakohoa, akaenda kuangalia tairi. Tairi haikuwa na kitu. Madam akaniangalia. Nikamwangalia. Nikajua sasa narudishwa garini. Madam akampokea mtoto yeye mwenyewe. Akasema, nenda, Mama Mghoi. Urudi kabla ya magharibi.

Nikaenda. Mikono haikujua ikae wapi. Niliitia mfukoni, nikaitoa, nikaiacha ining'inie.

Nimeona nyani. Kwetu nyani tunawafukuza shambani kwa kupiga madebe, huku watu wanasimamisha magari kuwapa ndizi. Wanene kama machifu. Nimeona nyumba za mawe za zamani, mawe yamepangwa bila udongo na hayaanguki. Nimesimama pale bonde linaanzia, nikaangalia chini mpaka nikashiba. Hakuna mtoto wa kuvuta. Nimeingia kwa watu wanaochemsha mawaridi kwa masufuria makubwa ya shaba. Magunia ya maua. Mwenyewe akaniambia nishike. Nikaingiza mikono mpaka kwa kiwiko. Baridi ndani, kama maji ya kisima. Nikakaa hivyo, akaniacha.

Halafu mama mmoja anauza asali mlangoni kwake. Mzee kama mimi, meno machache kunishinda. Akasema, khala, njoo ukae. Ameniita mama mdogo. Nikakaa kwa mto. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Akauliza nimekuja kufanya nini. Nikasema nimekuja kutembea, na haukuwa uongo.

Akanimwagia kahawa. Huku kahawa ni kidogo kidogo, kwa kikombe hakina mkono. Ukinyamaza wanaongeza. Ukitosheka unatikisa kikombe. Mimi nimemwagia watu mpaka bega likahama mahali pake, nikiangalia kikombe gani kitatikisika. Kunimwagia mimi, hakuna aliyewahi. Leo nilitosheka kwa cha pili. Nikanyamaza. Akamwaga. Nikanyamaza tena. Akamwaga tena, mkono wake mwingine umeshika kiuno, maskini, nakijua hicho kiuno. Ndiyo nikatikisa. Polepole. Akaacha.

Nilirudi jua likishuka. Madam ana maziwa ya mtoto begani, kilemba kimeenda upande. Akauliza, umeona? Nikasema nimeona. Nura hajanisemesha mpaka sasa. Wacha.

Jumamosi, 11 Aprili

Jeddah, mtaa wa Nuzha, chumbani kwa Wakesho. Joto. Jana tulizunguka Makka kwa ile barabara ya sisi Wakristo tusioruhusiwa kuingia, na hakuna aliyelalamika kwamba ni ndefu. Madam alinikumbatia mlangoni. Alilia kidogo, mimi pia. Miaka ni miaka.

Ndege ni kesho. Viatu nimevua, miguu imevimba, siijali.

Wakesho ametoka kufagia ofisi za watu tangu alfajiri. Amekula wali, amelala ubavu, akaniuliza, shangazi, huko Shafa kuna nini? Nikaanza na ukungu. Nikaenda kwa nyumba za mawe. Nilipofika kwa nyani alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Nimemfunika miguu. Nimeendelea kidogo, kwa sauti ya chini.