Kombe Nililoliandika Mwenyewe

Mohoro, Jumanne

Kwako nafsi yangu, salamu na heshima. Nakuandikia kuhusu goti la mke wangu linalomuuma.

Kombe, ile sahani ya aya aliyoiandika mwalimu wa madrasa kwa zafarani iwe dawa, lilifutwa na mvua njiani. Nikaona haya kurudi mikono mitupu. Nikanunua zafarani, nikaandika kwenye sahani ileile: "Ewe maumivu, unaombwa kuondoka bila kuchelewa." Mke wangu akaliosha, akanywa maji yake.

Leo amepalilia mpunga hadi adhuhuri, akiimba.

"Baba Salma, mwalimu wako kiboko. Kwani aliandika nini?"

Nikajibu kwamba sikusoma.

"Basi kesho kamchukulie na dada yangu."

Nimefurahi mno. Lakini nikikiri, huenda maumivu yakamrudia, na palizi bado haijaisha.

Naomba uamuzi: nimwambie ukweli, au ninyamaze?