Shahidi Aliyeogopa Mashine ya Kahawa

Dada Edina,

Barua za siri nimekuandikia tatu, na zote tatu nimezichana. Hii naiandika wazi. Kila mtu wa Ihanda anayevuka mpaka kwenda Nakonde nitampa nakala, aisome akitaka, ilimradi akikuona akupe. Namba yako haipatikani na sijui unakaa mtaa gani, kwa hiyo wacha wasome. Mambo yetu yalishasemwa kanisani mbele ya watu, hakuna kilichobaki cha kuficha.

Mimi mzima. Mama naye hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Ila nimekasirika, dada. Nakwambia mapema kwa sababu najua hutaamini. Wewe ndiye uliyesema mimi sina hasira hata ya kumwazima mtu.

Unakumbuka ulisema wapi? Tulikuwa kwenye mashine ya kumenya kahawa, ile ya baba yake yule bwana. Wewe unazungusha, mimi namwaga kahawa mbivu na maji kidogo kidogo, maganda yanatoka huku, punje zinateleza kule. Kazi yenyewe haiishi, ndiyo maana tukaanzisha mchezo wetu: anayezungusha anauliza, anayemwaga anajibu, halafu tunabadilishana. Ukiambiwa uchague, ugali bila mboga au mboga bila ugali. Zamu yangu nakuuliza: ukiambiwa uchague, uolewe Ileje kwenye baridi au Msangano kwenye joto. Siku hiyo ukauliza: ukiambiwa uondolewe kimoja maisha yako yote, hasira au uoga, utaondoa kipi?

Nikajibu haraka, hasira. Hoja nilikuwa nazo. Hasira ndiyo inayopiga watu, inayobomoa nyumba, inayomfanya mtu mzima akate mibuni yake mwenyewe kisha mwaka unaofuata akae ameshika tama. Uoga umemkosea nani? Ukacheka mpaka ukaacha kuzungusha.

"Hiyo hasira unayotaka kuondolewa unayo wapi?" ukaniuliza. "Mimi waniondolee uoga. Hasira waniachie, ina kazi."

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, wewe una ishirini na mitatu. Leo nina thelathini na mitano na bado nabishana nawe peke yangu shambani, mpaka majirani wananiangalia.

Kwa watakaoisoma hii njiani, niwaeleze kidogo, wewe unayajua. Kahawa mbivu haisubiri. Ikichumwa leo inamenywa leo, ikilala inachacha na thamani yake imekwisha. Miaka ile mashine upande wetu ilikuwa hiyo moja. Mwenye mashine akikununia, utabeba kahawa yako kichwani mpaka kijiji cha mbali, na ukifika ukute foleni. Kwa hiyo familia ile hakuna aliyeikunjia uso. Tuliwasalimia kwa kuinama, hata watoto wao.

Na yule kijana wao ndiye aliyekuja pale mashineni, msimu uleule, akasimama kati yetu. Wewe ulikuwa umeshamwambia una mimba. Aliweka mkono juu ya mashine, akasema bila hata kutetemeka: "Mtoto ni wangu. Kahawa ikiisha naleta posa." Halafu akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe ndiye shahidi."

Nilifurahi, dada. Nilikuwa nimelowa maji ya kahawa mpaka tumboni, na mtu wa nyumba ile ananiita shemeji. Nilimkaribisha kama vile posa imeshafika.

Kahawa haikuwa imeisha alipogeuka. Kwanza akasema hakujui sana. Baadaye akasema anakujua kama anavyowajua wanakwaya wote. Tumbo likaonekana, wazee wa kanisa wakakutenga, hakuna kushiriki meza wala kuimba mpaka utakaposimama mbele na kutubu. Yeye aliendelea kukaa na kwaya, anaimba sauti ya tatu, kola yake imepigwa pasi.

Jumapili ya kutubu kwako naikumbuka kuliko harusi yangu. Ulisimama mbele, wote tukijua maneno unayotakiwa kusema, maana ni yaleyale wanayoyasema wote. Hukuyasema. Ukamnyooshea kidole. Ukasema, "Nimetenda dhambi na yule pale, na aliahidi posa, naye asimame atubu." Mzee mmoja akauliza, "Nani alimsikia akiahidi?"

Hukutaja jina langu. Uliniangalia tu. Uliniachia niseme mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa upande wa wanaume, na baba pembeni yangu. Nilitaka kuinuka, sikudanganyi, nilishavuta miguu nyuma. Baba akaniwekea mkono kwenye goti. Hakubana, aliuweka tu, mkono wake ule mzito wa jembe. Nami nikakaa. Nikaangalia sakafu mpaka nikahesabu nyufa zake zote.

Ndipo ukavua kitambaa chako cha kichwa, kile cha bluu, ukakitupa juu ya meza ya Bwana, ukawaambia wazee maneno ambayo siyarudii kwenye barua inayosomwa na watu. Ukatoka.

Hapa nawe nikulaumu kidogo, maana nimeinyamazia miaka yote. Ulikuwa na haki, Edina, halafu ukawapa watu kitambaa. Tangu siku hiyo ukiwauliza wanakumbuka nini, wanakumbuka kitambaa. Hakuna anayekumbuka ulichosema. "Ana hasira sana yule binti," basi, kesi imekwisha. Ile hasira yako uliyosema ina kazi, siku hiyo iliwafanyia kazi wao. Na imekufanya usije hata kumzika baba. Nilikutumia salamu kwa watu watatu. Nilimshusha kaburini mimi na majirani, huku naangalia barabara.

Tulipofika nyumbani Jumapili ile nilimuuliza baba kwa nini. Akaniambia, "Kesho kahawa tungeipeleka wapi?" Hilo tu. Na kesho yake asubuhi tulikwenda kwenye mashine yao, mimi nikazungusha, mama akamwaga, na yule bwana akapita akatusalimia.

Mimi ndiye niliyekusindikiza Tunduma, pengine umesahau kwamba sikukuacha safari nzima. Tulisimama kwenye kibanda cha mihogo ya kukaanga, nyuma ya foleni ya malori. Ulikuwa na begi moja na tumbo lako. Nikakuambia vumilia kidogo, mambo yatapoa. Ukaniambia, "Nitarudi siku mtu wa nyumba yetu atakapofungua mdomo." Ukavuka. Nilikula mihogo niliyokuwa nimekununulia wewe, nikalia huku natafuna, na mwenye kibanda akadhani ni pilipili.

Mwaka wa nne ulinipigia. Nilisikia kwanza unamsalimia mteja, "mulishani," kwa sauti ya mtu aliyeshakuwa mwenyeji huko. Halafu ukaniuliza bila salamu, "Umeshasema?" Nikakujibu, "Mama hajambo." Ukakata.

Nimeirudia simu hiyo kichwani mpaka imechakaa. Umeshasema? Mama hajambo. Mtu mzima, nina mke, nina shamba, nachaguliwa kugawa zamu za maji kijijini, na jibu nililokuwa nalo ni hilo. Hata jina la mtoto sikuuliza. Nasikia ni wa kike. Mimi ni mjomba wa mtu nisiyemjua jina.

Na sasa nikueleze kinachonitia wazimu zaidi. Ile mashine haipo. Yaani ipo, lakini imeota kutu nyuma ya nyumba yao, kuku wanatagia chini yake. Tuna mashine ya kikundi siku hizi, kubwa, ya umeme, unapeleka kahawa yako hakuna wa kukununia. Ina miaka saba. Miaka saba, dada, hakuna kitu chochote mikononi mwa watu wale nilichokihitaji, na bado nikiwaona niliinama. Niliendelea kuogopa mashine inayotagiwa mayai.

Baba kabla hajafa aliniita. Alikuwa hawezi kuinua kichwa. Akaniambia, "Ule mkono ulikuwa wangu, usijilaumu." Halafu akauliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani. Kudanganya naweza, unaona, sikosi ujasiri wa kila aina.

Juzi juzi kanisa limetafuta wazee wapya. Majina yanasomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara mchungaji anauliza kama kuna mwenye neno. Jumapili ya kwanza nikasikia jina la yule bwana. Nikaangalia sakafu. Nyufa ni zilezile, zimeongezeka nyingine mbili. Jumapili ya pili likasomwa tena, nikainama kama nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa makubazi.

Nje baada ya ibada akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ana kitambi sasa, na sauti ya upole ya watu wanaotaka kuwa wazee wa kanisa. Akaniambia, "Mdogo wangu, dada yako hajambo huko? Ukiwasiliana naye mwambie mimi nilishamsamehe."

Nilishamsamehe.

Nilifika nyumbani sikumbuki nilipita njia gani. Jumatatu nilikwenda kupogoa mibuni nikakata tawi zima lenye maua. Jumanne mke wangu akaniuliza kama naumwa, nikamjibu vibaya, ikabidi nimwombe radhi. Nilikuwa natembea nasema peke yangu, wewe unisamehee dada yangu, wewe? Jumatano ndiyo nikakumbuka swali lako, nikakaa chini palepale kati ya mibuni. Nilikuwa nimepata ile hasira uliyoniambia sina. Imekuja imechelewa miaka kumi na sita, lakini ilikuwa yangu.

Nataka nikwambie kweli, uoga haukuondoka. Jumapili ya tatu mchungaji aliposoma jina na kuuliza, nilisubiri mkono kwenye goti. Haukuja, baba amelala pale mlimani. Nikasimama.

Nikasema, "Mimi nilikuwepo. Alisema mtoto ni wake na ataleta posa. Aliniita shemeji, akaniambia mimi ndiye shahidi. Dada yangu Edina alisema kweli." Na nikalitaja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Humu silirudii, mara moja inatosha.

Mchungaji, ambaye ni mgeni na hakuwepo enzi hizo, akaniuliza kwa upole, "Ndugu, kwa nini hukusema siku ile?"

Nikajibu, "Niliogopa mashine ya kahawa."

Watu wakacheka. Kanisa zima, mpaka kwaya. Ningekuwa nimekaa na mimi ningecheka. Lakini nilibaki nimesimama wakicheka, na walipomaliza nilikuwa bado nimesimama. Yeye hakucheka. Aliangalia sakafu.

Usidhani mbingu zilifunguka. Jina lake limewekwa pembeni mpaka baraza likae, na najua baraza letu likikaa linavyokaa. Pengine watampitisha. Lililonichoma ni mlangoni, wakati wa kutoka. Mama mmoja wa kwaya, wa umri wa mama yetu, akanipigapiga bega akaniambia, "Umefanya vizuri, mwanangu. Sisi sote tulikuwa tunajua." Sote. Siku ile waliyouliza nani alisikia, walikuwa wanajua. Mimi nimebeba goti hili miaka kumi na sita nikidhani ni siri yangu peke yangu, kumbe tulikuwa kanisa zima tunaangalia sakafu. Nitamkasirikia nani, na mimi ndiye niliyekaa benchi la mbele?

Tulipofika nyumbani mama akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa cha bluu. Alikichukua siku ileile mezani pa Bwana, akakifua, akakiweka chini ya kanga zake, na mimi sikuwahi kujua. Akanipa. "Mwambie mwenzio umeshasema," akaniambia.

Basi nakwambia. Nimeshasema.

Ule ubishi wetu sijaumaliza. Wakiniuliza leo waondoe kipi, sitajibu haraka kama siku ile. Uoga ulinikosesha dada, na hasira ikamkosesha baba binti yake. Lakini bila ya hiyo hasira ya wiki moja ningekufa nikiwa bado nafunga kamba za makubazi. Njoo tubishane, hili si la barua.

Kila Jumamosi, mpaka msimu wa kahawa uanze, nitakuwa Tunduma kwenye kibanda kilekile cha mihogo, kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Nitashika kitambaa chako ili mtoto anitambue. Naogopa hutakuja. Nimekasirika kwamba naogopa. Vyote viwili vitapanda gari pamoja nami.

Nitakusubiri nimesimama. Ukinikuta nimekaa, ujue nimepumzisha miguu kidogo tu, usigeuke.

Msalimie mpwa wangu, umtajie mjomba wake.

Ni mimi mdogo wako,
shahidi wako.