Jiwe la Liwa kwenye Uso wa Mwali

Malindi, 3 Rajabu 1330

Kwako mshauri wetu, uliye mpendwa wa wengi usiowajua, baada ya salamu naomba msaada wako, na kwanza kabisa naomba unisitiri, kwa sababu mji wetu ni mdogo na mimi ni somo, mimi ndiye ninayeitwa na wenye arusi nikae ndani na mwali siku saba, nimsinge, yaani nimsugue mwili kwa manukato, na nimfunde na nimtoe aking'aa, na kwa miaka ishirini na miwili ya kazi hii sijapata kutoa mwali watu wakamtazama wakashika vinywa, ila mmoja, na huyo mmoja ni binti wa marehemu ndugu yangu.

Mama yake alifariki siku ya kumzaa na baba yake akafuata kwa homa kabla mtoto hajaota meno, nami Mungu hakunijaalia wa tumboni, basi nikamchukua, nikamlea, akaniita Shangazi lakini akanililia kama mtoto anavyomlilia mama, na alipofika miaka kumi na saba akaposwa na kijana wa Lamu mwenye jamaa nzuri, ikawa furaha ambayo sikuwahi kuionja nyumbani kwangu. Ila mwaka huohuo chunusi zilimjaa mashavuni na kidevuni, si zile ndogo za kupita, bali ngumu, zenye usaha, akipona moja zinatoka mbili, na tarehe ya arusi ikawa inakuja na uso hautulii.

Mshauri, sote masomo tunajua kwamba singo ni ya mwili, uso haupakwi ila liwa laini, ule mti wa manukato uliosagwa, kwa kiganja, hata mwanafunzi wa siku moja anajua hivyo, lakini mimi niliwaza wanawake wa Lamu watakavyomfunua waseme somo gani huyu, kwake mwenyewe ameshindwa, nikachukua msio, lile jiwe la matumbawe tunalosagia liwa, nikamsugua nalo usoni. Zilizokuwa hazijapasuka nilizikamua kwa kucha, kisha nikapaka ndimu. Akaniambia, "Shangazi, polepole," huku ameshika ukingo wa mkeka, nami nikamwambia, "Stahimili, mwanangu, arusi haingoji." Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo, na siku ya tatu nilipouosha msio maji yalitoka mekundu, nikayamwaga kule nyuma mwenyewe asije akayaona mtu.

Siku ya nne uso ulivimba hata jicho moja likafunga, na wanawake walioingia wakashika vinywa wakaniuliza, "Bi Somo, mwana amepatwa na nini?" na hapo ndipo nilipofanya jambo linaloninyima usingizi kuliko lile la msio. Kulikuwa na mwanamke wa Kigiriama, Zipporah binti Karisa, amebatizwa, akituletea mayai kila Jumanne, na binti yangu alimpenda sana, kwa sababu alimfundisha kusoma herufi za Kizungu, akiziandika kwa mkaa juu ya sakafu ya chokaa, kisha wanazifuta pamoja wanacheka. Juma moja kabla ya arusi Zipporah alimwambia mbele ya watu, "Mwanangu, uso wako unang'aa kama yai," naye alisema kwa mapenzi tu, maana kweli alikuwa hang'ai, alitaka kumliwaza. Basi wale wanawake waliponiuliza, nilijibu, "Ni jicho. Zipporah alimsifu uso bila kusema mashaallah." Nilisema mara moja tu. Jumanne iliyofuata alikuja na kikapu chake, na mtaa mzima ulimfungia milango, watoto wakamrushia mchanga, akasimama kidogo mbele ya mlango wangu, nami nilikuwa ndani nyuma ya mlango huo, nikasikia akibisha, sikufungua. Hakurudi tena mtaani kwetu, na nasikia sasa mayai yake hayanunuliwi hata sokoni, anakwenda kuyauza mbali.

Arusi ikavunjika. Mama wa bwana arusi alikuja akamfunua binti yangu, akasema, "Hii ni ndui, mlituficha," akaondoka na watu wake kabla kahawa haijapoa, na uvimbe uliposhuka tukaona mashimo, mengine yanaingia ncha ya punje ya mtama, na baina yake mabaka meusi, na tangu siku hiyo ni miaka miwili hajatoka nje, kioo amekigeuzia ukutani, anashona kofia tu, na mimi ndiye ninayezipeleka kuuzwa.

Sasa kumetokea jambo. Mtu mmoja wa Takaungu, aliyefiwa na mkewe, si kijana lakini si mzee, alinunua kofia yake akauliza imeshonwa na nani, akarudi kununua nyingine, mara ya tatu akapeleka posa, na dada zake wanakuja kumwona mwisho wa Shaabani, kabla ya mfungo. Badala ya kufurahi, binti yangu amemtuma mwanamke anayetuchotea maji aende dukani kwa Kanji, Mhindi muuza dawa, amnunulie mrututu, yale mawe ya buluu yanayounguza, na Kanji alimwonya kwamba ule ni wa vidonda vya ng'ombe, naye akamjibu kwamba ni kwa ng'ombe kweli, akauziwa. Ameusaga mwenyewe ukawa unga wa buluu, ameuweka kwenye kijaluba, kikebe chake kidogo. Anasema ngozi mbaya ikiungua itatoka mpya. Na jana alikuja akakaa miguuni pangu akasema, "Shangazi, nisinge tena. Nipake wewe, mimi sina mkono mwingine ninaouamini."

Mshauri, mkono huo ndio uliomharibu, naye hajui, anaamini ni jicho la Zipporah kama wote wanavyoamini. Nikimkatalia ataupaka mwenyewe. Nikimweleza sababu ya kumkatalia itanibidi nimweleze yote, na akishajua atanichukia, nami umri umekwenda, nitabaki na nani? Je, hakuna dawa nyingine ya kujaza mashimo haya, hata ya bei, nimpe hiyo, mambo yaishe bila maneno? Mimi nasoma herufi za Kiarabu tu, ndizo nilizoandikia barua hii, nanyi mtazigeuza ziwe za Kizungu, na gazeti lenu hunisomea binti yangu kila mwezi, ndivyo nilivyokujua, na hupenda sana majibu yako, hucheka. Usichelewe kunijibu.

Ni mimi, somo mwenye majuto.

JIBU

Bi Somo,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nilikulilia na ya pili nilikukasirikia, na ninakujibu nikiwa bado na yote mawili, basi utanivumilia.

Nianze na kijaluba, maana hicho hakingoji. Chukua ule mrututu leo, chimba shimo mbali na kisima, ufukie. Kwa miaka minane niliosha vidonda kwenye zahanati hapa Mombasa, na nimewaona waliojipaka mrututu usoni. Hautoi ngozi mpya. Unakula iliyopo na unaacha kovu juu ya kovu, na ukiingia jichoni, jicho ndilo litakalokwenda. Zebaki nayo, wanayoichanganya kwenye mafuta ya uso, usiikubali, atakayekuletea na ajipake yeye kwanza. Ndimu iwekee samaki.

Sasa sikiliza jambo ambalo ungepaswa kulijua kabla ya kuushika ule msio. Chunusi si uchafu wa kusuguliwa. Inaota chini, kwenye shina la kinyweleo, pale mafuta ya ngozi yanapoziba, na huja na umri, kwa binti msafi sawasawa na mchafu. Ukiikamua, nusu ya usaha inatoka nje na nusu unaisukuma ndani, nyama ya huko chini inaoza, na kidonda kikipona ngozi inabonyea kwa kuwa haina cha kuegemea. Hilo ndilo shimo. Yale mabaka meusi ni kitu kingine, ni rangi tu iliyobaki baada ya kidonda, na hayo hufifia yenyewe kwa mwaka au miwili mtu asipochomwa na jua wala kuchokonolewa. Kwa hiyo kama miaka miwili imepita, naamini mengi yamekwisha kufifia. Yeye hajui, kwa sababu kioo kimegeuzwa ukutani. Kigeuzeni.

Mashimo hayajazwi. Umeniuliza dawa ya bei, na ningekuwa nayo ningekupa bure, lakini haiko kwa Kanji, haiko kwa daktari, haiko Bombay. Yatalainika kidogo umri ukienda, basi. Aoshe uso kwa maji safi na sabuni kidogo, aupapase na kitambaa asiufute kwa nguvu, na kama chunusi mpya zinatoka aende zahanati, wana dawa ya kibiriti upele wanaichanganya wenyewe kwa kipimo. Najua unasikitika kusoma haya, nami nasikitika kuyaandika.

Na wale waliosema ndui walisema uongo kwa kutojua. Ndui haichagui shavu na kidevu, hutapakaa paji, pua, mikono hata nyayo. Ulikuwepo, ulijua, ungeweza kumwambia yule mama wa Lamu kwa neno moja. Ulinyamaza kwa sababu neno hilo lingekuwa na lingine nyuma yake.

Uliomba nikufiche jina lako. Sina la kuficha, maana hukuliandika popote, wala mtaa, wala nyumba. La Zipporah umeliandika mara kwa mara, pamoja na la baba yake na anachouza. Unaona ulivyo? Hata ukitubu, bado yeye ndiye anayesimama mlangoni na wewe umejificha nyuma ya mlango. Umeniuliza utabaki na nani. Hukuniuliza binti amebaki na nani, aliyepoteza uso na mchumba na rafiki wa pekee aliyemfundisha kusoma, juma moja, nyumba moja, mkono mmoja. Nimekasirika tena, nisamehe.

Najua hukukusudia kumwumiza. Uliogopa aibu, nayo aibu ikakuamrisha, na mpaka leo bado inakuamrisha. Kwa hiyo utafanya hivi. Utatafuta anakokaa Zipporah, hata kama ni Ganze huko bara, utakwenda kwa miguu yako. Usimpelekee nguo wala sukari, mpelekee maneno. Kisha mwombe akubali kurudi nawe Jumanne, saa za watu, na mlangoni kwako, mbele ya wale wanawake walioshika vinywa, useme, "Haikuwa jicho. Ulikuwa mkono wangu." Wakiacha kukuita kwenye arusi zao, na waache. Kazi uliyoilinda kwa uso wa mtoto si ya kuililia.

Dada za yule bwana wa Takaungu wapokee mchana, dirisha wazi, na binti akae penye mwanga. Waambie ni makovu ya chunusi zilizosuguliwa na nani alizisugua. Atakayeondoka aondoke ameona. Lakini mtu aliyerudi mara tatu kwa ajili ya kofia, nadhani alikuwa akitazama mikono.

Limebaki la mwisho, na ndilo lililonifanya niikalie barua yako siku nne. Umeandika kwamba gazeti hili hukusomea yeye. Bi Somo, ulijua. Uliandika yote haya ukijua tutayageuza kwa herufi asizozijua mkono wako ila anazozisoma yeye, ukayatuma Mombasa, ili yarudi Malindi yasemwe na mdomo wake badala ya wako. Ningekuletea jibu kwa siri kama ungenipa mahali pa kulileta. Hukunipa. Nikinyamaza atajipaka mrututu, nikijibu atasoma. Nimechagua asome, na hilo nitaulizwa mimi.

Basi binti yangu, wewe unayesoma. Naona umefika hapa, na kama najua watu, sauti yako ilikatika tangu pale penye msio na umeendelea kwa kunong'ona. Uso wako haukuharibiwa na aliyekusifu. Aliyekuumiza ni huyo aliyekaa karibu nawe sasa, naye ndiye huyohuyo aliyekulea. Yote mawili ni kweli, na hakuna anayekulazimisha leo kuchagua moja. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kwenda kwa Zipporah, nenda, na ujifunike au usijifunike upendavyo. Kumsamehe si kazi ya leo, pengine si ya mwaka huu.

Ila usimsomee zaidi. Liweke gazeti chini. Yaliyobaki aseme mwenyewe.