Unga wa Chujio Umeishia Mgombani

Shikamoo Mama Clotilda. Nakuandikia nikiwa na ndoa yenye amani na kazi ninayoipenda, kwa hiyo usitafute mume mlevi humu, hayupo, kinachoninyima raha ni mkungu wa ndizi. Mimi niko maabara hapa Bukoba, tunaotesha nyuzi za kaboni ndani ya tanuri, juu ya mkaa wa maganda ya kahawa, nyembamba hata jicho halizioni, nazo zikipitiwa na maji hunasa madini mazito kama risasi. Kisima cha mama mkwe wangu kule Izigo kilipopimwa kikakutwa na risasi, maana jirani palikuwa na karakana ya kuvunja betri za magari, nikamfungia chujio lenye unga wa mkaa huo, akagoma kuonja maji “ya masizi,” nami ili akubali nikamwambia, “Mama, haya ni maganda ya kahawa tu, kama ya kibanjani kwako.” Akakubali, maji yakapimwa yakawa safi, akanisifu kwa jumuiya nzima, nami nikavimba kwa sifa. Sasa juzi nimekwenda kuchukua unga uliokwisha kutumika, nikakuta ndoo tupu, nikauliza, akacheka: “Mukamwana wangu, maganda ya kahawa yatupwe? Nimeyarudisha kwenye mgomba yawe mbolea!” Ni unga wa miezi minne, Mama Clotilda, umejaa risasi, uko kwenye shina la mgomba wa mlango wa jiko, na mkungu wake ndio alioahidi kwa ubatizo wa mwanangu Jumapili hii, nami nikatabasamu, nikapanda basi, nikarudi. Nikisema namwaibisha mbele ya ukoo, nikinyamaza watoto watakula. Nifanyeje?

Gaudiosa, Rwamishenye

Marahaba Gaudiosa. Kwanza hongera, mkwe wa kukusafishia maji haokotwi njiani. Sasa nikugombeze. Mama huyo hana kosa. Mhaya gani umwambie kitu ni maganda ya kahawa, kisha utegemee akiache kwenye ndoo na migomba iko pale? Ulimpa nusu ya ukweli, naye akaifanyia kazi. Aibu unayoihofia ni yako, usimbebeshe yeye.

Huenda ndani ya ndizi hamna kitu. Lakini “huenda” haipakuliwi kwenye sahani ya mtoto. Usipige simu. Nenda kesho asubuhi, piga magoti umsalimie, kisha anza hivi: “Mama, nilikuficha jambo.” Mweleze kwamba unga ule umebeba sumu iliyotoka kisimani. Chimbeni pamoja udongo wote wa pale shinani, utieni kwenye ndoo zenye vifuniko, uondoke nazo, pamoja na ndizi kadhaa za kupima. Mkungu usiliwe mpaka majibu yatoke. Ndizi za ubatizo zikatwe kwenye migomba ya mbali na jiko, na kuanzia sasa unga uliotumika uondoke nao siku ileile.

Jumapili, kabla ya chakula, simama wewe mwenyewe uwaambie ndugu kwa nini mkungu ulioahidiwa haukukatwa, na kosa ulitaje kwa jina lako. Watakucheka, msomi mzima. Waache wacheke, watakuwa wanacheka na midomo imejaa chakula salama.