Mzee Salum na Mwimbaji wa Kuba

Kisarawe, Jumanne

Simwamini Mzee Salum. Leo nimemfuata Kibaha kwa sababu aliimba dansi zamani, na anadai alikutana na yule mwimbaji mweusi wa salsa, Mkuba, ninayeandika makala kumhusu.

"Alinisimulia mwenyewe, mwanangu, alivyofukuzwa kwenye kumbi za Wazungu. Huku analia!"

Kisha akaniimbia wimbo wa Mkuba huyo, Kihispania kitupu.

"Maana yake nini, mzee?"

"Nitajuaje? Tulikariri kwenye santuri, watu wakacheza."

"Sasa mlizungumza lugha gani?"

Akaagiza chai.

Kisa chake kinaifaa hoja yangu kuhusu ubaguzi kupita kiasi. Angekiandika mpinzani wangu, ningemrarua gazetini.

Mhariri anaitaka makala kesho asubuhi. Ile aya niliyoandika ya machozi ya Mkuba bado sijaifuta.